Juha

Msomaji wa makamo pale Chepilat, mji wa mpakani baina ya Bomet na Nyamira ambako Mkipsigis na Mgusii huuziana bidhaa kwa Kiswahili, alisikiapo neno "juha" hukumbuka, kabla ya tusi lenyewe, Juha Kalulu, yule baba wa katuni za Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, pamoja na mkewe, mwanawe Ulimwengu na mbwa wao Taska. Asili ya neno ni Juha wa hekaya za Waarabu, baradhuli ambaye upumbavu wake aghalabu husitiri hekima. Nalo "kalulu", kwa Wachewa wa Malawi, ni sungura, mwerevu wa ngano, na ndoa ya majina ya ajabu kuliko hiyo sijapata kuiona. Wajapani nao walikuwa na katuni ya familia kama ya Juha Kalulu, Sazae-san ya Machiko Hasegawa, iliyotoka magazetini tangu 1946 hadi 1974, ambayo maudhui yake hayakuwa vita wala mashujaa, bali chakula, masoko na ugomvi mdogo wa nyumbani. Kamusi hufasiri juha kuwa mjinga. Kwa aliyekulia na Taifa Leo, fasiri hiyo ni pungufu.