Tarishi, si Roboti

Kijitabu kimoja kinachowafundisha wenye biashara ndogo jinsi ya kuiachia kompyuta kazi za ofisini zinazojirudia kimefika hadi mtaa wa Malvern, Johannesburg, na kichwa chake kimeandikwa kwa herufi nene: "Otomatiki ya Mchakato wa Kiroboti". Tangu SADC ikipe Kiswahili nafasi ya lugha rasmi mwaka 2019, vijitabu vya namna hii vimekuwa vikiongezeka, na ni jambo la kushangilia. Kinachoniudhi ni kwamba waliokitafsiri hiki hawakumfikiria hata mara moja mtu atakayekisoma.

Hapa Johannesburg roboti ni taa ya barabarani. Kiingereza cha Afrika Kusini kimesema hivyo tangu miaka ya 1930, na Kiswahili cha Wakongo na Watanzania wanaoishi huku kimelipokea neno hilo bila kuuliza. Mtu aliyeshuka jana kutoka Lubumbashi, kabla hajalijua jina la mtaa anakolala, ameshaelekezwa: fuata Jules Street, roboti ya pili kata kushoto. Msomaji huyo huyo ndiye anayepewa "mchakato wa kiroboti". Ataelewa nini?

Tuiache taa. Sarufi nayo imevunjika. Katika Kiswahili kivumishi humfuata anayevumishwa, kwa hiyo "mchakato wa kiroboti" ni mchakato wenye tabia ya roboti. Lakini mchakato unaozungumzwa ni wa watu: ni kazi ya karani wa kawaida, iliyokuwepo kabla ya mashine. Cha kiroboti hapo ni mtendaji. Mfasiri amepanga maneno matatu kwa kuyafuata ya Kiingereza, akatia "ya" na "wa" katikati, akaona kazi imekwisha. "Otomatiki" lenyewe tunalitumia kama kivumishi: gia otomatiki, mashine otomatiki. Ghafla limefanywa nomino, tena bila kiambishi chochote cha kulibeba.

Na "mchakato"? Kamati zetu zinalipenda neno hili kupita kiasi. Kuchakata ni kazi ya kubadili umbo. Uliza Tanga: jani la mkonge linaingia kwenye mashine ya korona, linatoka singa. Muhogo unachakatwa, unakuwa unga. Sasa ankara namba fulani inayotolewa kwenye barua pepe na kuandikwa kwenye mfumo wa hesabu inabadilika kuwa nini? Haibadiliki. Ikibadilika hata tarakimu moja, kazi imeharibika. Neno tulilokuwa nalo ni utaratibu, lenye mzizi mmoja wa Kiarabu na ratiba, r-t-b, ambao kiini chake ni kupanga: hiki kwanza, kile baadaye. Hicho ndicho programu hizi zinachofuata, hatua kwa hatua.

Roboti nalo lina historia ambayo wapendekezaji wake wangefaa kuijua. Lilitoka kwenye tamthilia ya R.U.R. ya Mcheki Karel Čapek, iliyochapwa mwaka 1920, na mwenyewe alisema aliyempa neno hilo ni kaka yake, mchoraji Josef. Kwa Kicheki robota ilikuwa kazi ambayo mkulima alilazimika kumfanyia bwana wa ardhi bila ujira. Waswahili wa pwani wanalo neno lake kamili: shokoa. Čapek aliandika juu ya viumbe wa kutengenezwa wanaofanana na watu na mwishowe wanawaasi. Programu inayonakili namba haina mwili wala mkono, na haiwezi kuasi. Jina la Kiingereza la teknolojia hii hunasibishwa na Pat Geary wa Blue Prism, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 2001; alilisambaza mwaka 2012, na lilikuwa jina la kuuzia bidhaa. Sisi hatuuzi bidhaa hiyo. Hatuna sababu ya kulibeba tangazo la mtu na kuliita istilahi.

Neno ninalolitetea ni utarishi. Programu yenyewe ni tarishi.

Kila aliyewahi kufuatilia jambo katika ofisi ya serikali Tanzania amemwona tarishi. Anachukua jalada masijala, analipeleka kwa mkuu wa idara, anangoja sahihi, analirudisha. Kabla ya masijala alikuwa mtu wa mbio, mchukua barua kwa miguu kutoka mji hadi mji. Katika nyakati zote mbili sifa yake ni moja: anafikisha kile alichopewa, kama alivyopewa, kwa njia aliyoelekezwa. Haongezi maoni yake. Tena anapita mlango ule ule wanaopita watu wengine. Hapo ndipo neno linapoikamata teknolojia kwa usahihi ambao "otomatiki" haiwezi kuufikia, maana programu hizi huingia kwenye mfumo kupitia skrini ile ile ya mfanyakazi, kwa jina na nywila, zikabofya alipokuwa akibofya yeye. Mifumo yenyewe haiguswi. Anayeunganisha mifumo miwili kwa ndani anabomoa ukuta kati ya vyumba, na hiyo ni kazi nyingine inayostahili jina jingine.

Yupo mwenzetu katika tafsiri anayeshikilia "ukarani wa kompyuta", na ana wafuasi. Namheshimu kwa umri wake, lakini hoja yake haisimami. Karani tulimpata kutoka Bara Hindi, kirani, neno ambalo kamusi ya Hobson-Jobson ya mwaka 1886 inalo chini ya umbo lililoingia Kiingereza cha Bengal. Makarani wa Kihindi waliandika vitabu vya forodha ya Zanzibar katika karne ya 19, ilipokuwa imekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na hawakuwa wanakili tu. Walipima, walithamini, waliamua bidhaa hii ni ya daraja gani na inalipa nini. Karani ana kalamu na ana uamuzi. Tukiiita programu karani, mwenye biashara ataipa uamuzi, kisha atalia.

Chukua wakala wa mizigo anayepeleka vipuri vya magari Lubumbashi. Lori linapita Beitbridge, Chirundu na Kasumbalesa. Zimbabwe, Zambia na Kongo zote zinatumia ASYCUDA, mfumo wa forodha ulioundwa na UNCTAD, ambao Wakongo huuita Sydonia. Lakini kila nchi ina usajili wake, na kabla ya hapo kuna tamko la kusafirisha nje la SARS, mamlaka ya mapato ya Afrika Kusini. Jina la mpokeaji, uzito, idadi ya maboksi, namba ya lori na namba ya ankara huandikwa upya na upya. Hiyo ni kazi ya tarishi. Kuchagua namba ya ushuru si kazi yake. Anayedhani kila kipuri cha gari kinaingia 8708 atashangaa kuona plagi ziko 8511, betri 8507 na chujio la oili 8421. Hapo anahitajika karani, mtu mzima mwenye jina.

Kwa ufupi, basi, utaratibu unaofaa kutiwa utarishini ni ule unaojirudia mara nyingi, ambao sheria zake zinaandikika bila "inategemea", ambao taarifa zake tayari ziko kwenye kompyuta wala si kwenye risiti zilizokunjwa, na ambao skrini zake hazibadilishwi ovyo, kwa sababu kitufe kikihamishwa tarishi anapotea njia. Weka mtu wa kupokea yale yaliyomshinda. Utaratibu mbovu utengenezwe kwanza.

Nililipeleka neno hili kunakohusika, kwa maandishi, na nikajibiwa kwamba "lina sura ya utumishi wa chini". Sikuelezwa ni kanuni gani ya uundaji wa istilahi inayopima cheo. Watu waliobeba majalada ya nchi nzima hawakuwa doa, na neno lao ni la Kiswahili, ni fupi, linanyambulika, na halimpeleki msomaji wa Malvern kwenye taa za barabarani. Matumizi yake hayana utata: programu moja ni tarishi, nyingi ni matarishi, kazi ni utarishi wa kompyuta. Wanaolikataa waandike sababu zao waziwazi, na chini yake waonyeshe jinsi watakavyomsomea wakala wa mizigo wa Jules Street "Otomatiki ya Mchakato wa Kiroboti" hadi aelewe anachotakiwa kufanya Jumatatu asubuhi.