Ngazi ya Wapagazi

Kuna dhana kwamba kupanda cheo, hatua kwa hatua, kulikuja na ofisi za wakoloni. Sivyo. Karne ya 19, katika njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, upagazi ulikuwa kazi yenye ngazi, na kila daraja lilidai kitu tofauti. Kijana wa Kinyamwezi alianza na bega: mtumba wa nguo zilizofungwa kwa kukazwa, karibu frasila 2, zaidi ya kilo 30, na safari ya kwanza ya pwani ikahesabiwa alama ya utu uzima. Aliyekwishaijua njia, visima vilipo na hongo (ushuru wa kupita) ya kila mtemi, aliweza kuwa kirangozi. Huyo alitangulia na bendera, mzigo wake mwepesi, wenzake wakifuata nyayo. Mnyapara naye aliishi kwa maneno: kugawa posho, kuamua ugomvi, kusema na wenye nchi. Mfano ni Sidi Mubarak Bombay: Myao huyo, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa India, aliajiriwa na wasafiri Waingereza Burton na Speke mwaka 1857. Kihindustani alichojifunza utumwani ndicho alichozungumza na Speke, na katika safari ya Speke iliyoanza 1860 alikuwa mmoja wa viongozi wa msafara. Baadaye alimwongozea msafara Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, kisha akavuka bara na mwingine tena, Cameron, hadi Atlantiki.

Atatokea wa kusema kwamba ninapamba mateso, maana wapagazi wengi walikuwa watumwa waliogawana ujira na mabwana zao, na ndui na njaa viliwamaliza njiani. Ni kweli, na hakuna cheo kinachofuta hilo. Lakini mpagazi huru alikuwa na silaha yake: aliponyimwa posho, aligoma au alitoroka usiku, na asubuhi mwenye msafara akakuta mizigo bila watu. Ndiyo maana mnyapara asiyejua kusikiliza hakudumu.

Kilichoivunja ngazi hiyo kwanza ni reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, na watu kwa malaki wakakamatwa kubeba mizigo ya majeshi. Mzigo ulikuwa bado begani, ila sasa hapakuwa na pa kupanda wala ruhusa ya kugoma, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Kambi ya kikosi chao Dar es Salaam, Carrier Corps, watu waliiita Kariakoo, na mitumba ingali inauzwa hapo.