Mfupa Hauharakishwi

Mtu aliyeng'olewa gego na kushauriwa apandikiziwe jino jingine huuliza maswali mawili kabla hajainuka kwenye kiti: ni shilingi ngapi, na litakuwa tayari lini. Maswali hayo ni ya haki, maana fedha ni zake na pengo ni lake. Lakini ukiifuata historia ya meno ya kupandikiza tangu karne ya 18, utaona kwamba waliofaulu walitengana na walioshindwa kwa mambo ambayo mgonjwa huwa hayaulizi kabisa: mfupa ulipewa muda gani wa kutulia baada ya kutobolewa, na ni nani aliyeendelea kuhesabu baada ya mgonjwa kulipa na kwenda zake. Madini yamebadilika, skrubu zimebadilika, mashine zimebadilika. Mfupa wa taya ni uleule.

Tamaa ya kuziba pengo kwa kitu cha kudumu ni ya kale sana. Mwaka 1931 huko Honduras kilifukuliwa kipande cha taya la chini la mtu wa ustaarabu wa Wamaya, cha takriban mwaka 600 BK, chenye vipande vitatu vya kombe vilivyochongwa mfano wa meno ya mbele na kuchomekwa kwenye matundu ya meno. Mtafiti Amadeo Bobbio alipokipiga picha za eksirei mwaka 1970 aliona mfupa uliokuwa umeota kuzunguka vipande hivyo, dalili kwamba mwenye taya alikuwa hai alipowekewa. Zaidi ya miaka 1,100 baada ya mtu huyo, daktari mpasuaji John Hunter wa London alichomeka jino la binadamu kwenye upanga wa jogoo, likashika, na kielelezo chake kimehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake. Hapo ndipo biashara iliposhamiri. Mtoto wa maskini alikalishwa kando ya tajiri, jino lake zima likang'olewa na kusukumwa kwenye tundu la mwenzake likiwa bado na damu. Msanii Thomas Rowlandson aliichora hali hiyo mwaka 1787. Ng'ambo ya bahari, daftari la matumizi la shamba la George Washington la mwaka 1784 lina malipo ya shilingi 122 kwa meno tisa yaliyotoka vinywani mwa Weusi waliokuwa watumwa. Wengine walichongewa meno ya bandia kwa meno ya kiboko yaliyopelekwa Ulaya kutoka Afrika. Jino la mtu mwingine halikukaa: mfupa uliula mzizi wake taratibu, likalegea, likang'oka, na madaktari kadhaa wa zama hizo waliandika wakihofia kwamba kaswende ilikuwa ikipita humo. Aliyeuza alikuwa keshalipwa siku ya kwanza.

Karne mbili zilizofuata zilikuwa za madini. Mwaka 1809 Maggiolo alijaribu mzizi wa dhahabu, mwaka 1913 Greenfield wa Marekani akatengeneza kikapu kidogo cha nyaya za platini na iridi, na miaka ya 1930 Alvin Strock na kaka yake wa Boston wakatumia skrubu za mchanganyiko wa kobalti na kromu. Kufikia miaka ya 1960, Leonard Linkow wa New York alieneza vipandikizi vyembamba kama bapa la kisu, vilivyogongwa ndani ya ufa uliochongwa kwenye taya, na mara nyingi jino lilifungwa juu yake bila kungoja. Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu kosa la kipindi hiki linafundisha kuliko mafanikio yake. Vipandikizi vingi vya aina hii vilizungukwa na utando wa nyama ngumu kati ya chuma na mfupa. Utando huo ni alama ya kidonda ambacho hakikuachwa kipone kwa utulivu, lakini wataalamu wakaupatia nadharia ya kuusifu: walisema unafanya kazi ya zile nyuzi nyembamba zinazoushikilia mzizi wa jino la asili. Mkutano ulioitishwa Harvard mwaka 1978 na taasisi za afya za serikali ya Marekani ulikubali kwamba kipandikizi kinachotikisika kwa chini ya milimita moja si kibovu, na kwamba inatosha asilimia 75 kuwa bado vinatumika baada ya miaka mitano. Mgonjwa aliyeambiwa wakati ule kwamba matibabu yake yamefaulu hakudanganywa. Alipimwa kwa kipimo kilichoshushwa.

Wakati huohuo, kusini mwa Sweden, jibu lilikuwa limeshapatikana na mtu asiyekuwa daktari wa meno. Per-Ingvar Brånemark, kijana mtafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, alikuwa mwaka 1952 akichunguza mwendo wa damu ndani ya mfupa ulio hai. Alipachika vijumba vidogo vya titaniamu kwenye miguu ya sungura ili achungulie kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kuvitoa, akakuta havitoki, kwani mfupa ulikuwa umeota ukagandamana na madini yenyewe bila utando wowote katikati. Titaniamu ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba mno ya oksaidi, na mwili haushindani na ngozi hiyo. Brånemark aliona maana ya jambo hilo, lakini hakukimbilia mdomo wa binadamu. Alihamia Gothenburg, akafanya majaribio kwa mbwa kwa miaka, na mwaka 1965 ndipo akampokea Gösta Larsson, mwanamume wa miaka 34 aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka na taya lenye kasoro, asiye na meno ya chini. Aliwekewa skrubu nne. Larsson alifariki mwaka 2006 akiwa bado anazitumia.

Ukitazama kwa karibu kilichofanyika Gothenburg, utaona ni kazi ya utaratibu zaidi kuliko ya ugunduzi. Keekee ilizungushwa polepole na kumwagiwa maji ya chumvi yenye ubaridi muda wote, tundu likapanuliwa hatua kwa hatua. Baadaye, mwaka 1983, watafiti Eriksson na Albrektsson wa huko huko walionyesha kwa sungura kwamba nyuzijoto 47 za Selsiasi kwa dakika moja tu zinatosha kuudhuru mfupa. Joto hilo halifiki hata la chai ya moto kwenye kikombe. Skrubu ilipokaa, ufizi ulishonwa juu yake, ikaachwa imezikwa: miezi mitatu hadi minne kwa taya la chini, mitano hadi sita kwa la juu ambalo mfupa wake ni mlaini zaidi. Ndipo ufizi ulipofunguliwa na meno kufungwa. Kisha Brånemark na wenzake wakaendelea kuhesabu. Taarifa yao ya mwaka 1981 iliwataja wagonjwa 371 waliofuatana mlangoni, bila kuchagua walio wepesi, wakiwa na skrubu 2,768 zilizowekwa kwa miaka 15. Katika kundi lililofuatiliwa kwa miaka mitano hadi tisa, asilimia 81 ya skrubu za juu na 91 za chini zilikuwa imara. Ukifanya hesabu, huko ni kukiri waziwazi kwamba karibu skrubu moja kati ya tano za juu ilipotea, na kukiri huko ndiko kulikowashawishi wenye shaka walipokutana Toronto mwaka 1982. Miaka minne baadaye kigezo cha kufaulu kiliandikwa upya: kipandikizi kisitikisike hata kidogo, na baada ya mwaka wa kwanza mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka.

Atatokea wa kusema kwamba siri ilikuwa titaniamu, na kwamba ukishakuwa nayo mengine ni mapambo. Hoja hii ina nguvu, kwa kuwa dhahabu na platini hazikushika hivyo. Lakini mabapa mengi ya zama za Linkow nayo yalikuwa ya titaniamu, na yakazungukwa na utando uleule. Madini yalifungua mlango tu. Pingamizi la pili ni zito zaidi: leo kuna kliniki zinazofunga meno siku ileile, tena kwa ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Paulo Maló wa Lisbon alichapisha njia yake ya kuweka daraja zima la meno juu ya skrubu nne kwa siku moja, na matokeo ya taya la chini yalikuwa mazuri. Ni kweli, na mgonjwa anayefaa kwa njia hiyo ana haki ya kuipata. Ila mfupa haukujifunza kuota haraka zaidi. Skrubu hizo lazima zishike kwa nguvu tangu dakika ya kwanza, zifungwe pamoja na daraja gumu moja ili zisaidiane, na mwenyewe ale vyakula laini kwa wiki nyingi, kwani mtikisiko wa unene wa karatasi moja au mbili unatosha kuuita utando ule wa zamani urudi. Kungoja kumehama tu kutoka mikononi mwa daktari kwenda mdomoni mwa mgonjwa.

Ndiyo maana nashikilia kwamba huku kwetu swali la muda linatangulia la bei. Kipandikizi kimoja ni gharama kubwa kwa familia nyingi, na wapo wanaounganisha safari ya matibabu India na meno humo humo, warudi nayo baada ya wiki mbili. Daktari wa huko anaweza kuwa hodari kabisa. Tatizo ni kwamba wiki za mwanzo ndizo hatari: mshiko wa skrubu hupungua mfupa uliokwaruzwa unapoondolewa, kabla mpya haujakomaa, na wakati huo mgonjwa yuko nyumbani kwake Mwanza au Nakuru. Mvuta sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, aliyepigwa mionzi ya taya na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa wanapaswa kuyasema hayo yote kabla ya kulipa chochote. Aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi anapaswa kutibiwa ugonjwa huo kwanza, kwa sababu kipandikizi hakiozi lakini ufizi wake huvimba na kutunga usaha, na hakina zile nyuzi za asili zenye hisia za kumwonya mapema. Na ikiwa daktari atasema meno ya bandia ya kuvua na kuvaa yanakufaa zaidi, au mfupa wako ni mwembamba mno mpaka uongezwe, msikilize. Sehemu kubwa ya mfupa huyeyuka ndani ya mwaka wa kwanza baada ya jino kung'olewa, na aliyekaa kibogoyo kwa miaka 20 ana taya tofauti na la aliyeng'olewa juzi.

Kuna karatasi moja ambayo kila mgonjwa anapaswa kuidai: jina la aina ya kipandikizi, kipenyo na urefu wake, tarehe kilipowekwa, na picha ya eksirei ya siku hiyo. Aina zilizoko sokoni ni nyingi mno, na bisibisi ya moja haiingii kwenye nyingine. Kliniki hufungwa, madaktari huhama, nayo skrubu ndogo inayoshikilia taji inaweza kulegea baada ya miaka 12. Siku hiyo daktari wa mji mwingine ataihitaji karatasi hiyo ili ajue ashike bisibisi ipi, na picha ile ya zamani ndiyo itakayomwonyesha mfupa ulikuwa umefika wapi ulipoanza kuhesabiwa.