Mwaka Shule Zilipofungwa: Jinsi Wazazi wa Zaire Walivyowabeba Walimu



Kamati ya Jamii imetuomba tuandike juu ya historia ya shule zetu kwa ajili ya toleo hili la ukumbusho. Tulidhani tungeanza na Oktoba 1996, vita vilipotuvusha Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na watoto wakaanza kusoma chini ya miti. Lakini habari hiyo wengi wenu mnaijua, tena mliiona kwa macho yenu. Tangu Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na motisha ya walimu wa kambini ikaanza kuyumba, kila mkutano wa wazazi unarudia swali moja: je, tuwalipe walimu sisi wenyewe, walau kwa muda? Swali hilo si geni. Liliulizwa nchini kwetu zaidi ya miaka thelathini iliyopita, likajibiwa, na tuliishi na jibu lake muda mrefu kuliko alivyotarajia yeyote.

Kufikia mwaka 1992 serikali ya Mobutu ilikuwa haiwezi tena kulipa watumishi wake. Wanajeshi walikwisha kupora maduka ya Kinshasa Septemba 1991 kwa ajili ya mishahara, wakarudia Januari 1993 walipolipwa kwa noti mpya za zaire milioni tano ambazo wafanyabiashara walizikataa. Mwalimu hana bunduki. Mshahara wake ukifika, ulifika miezi imepita na bei zimekwisha kumkimbia. Oktoba 1993 serikali ilitoa zaire mpya, moja kwa milioni tatu za zamani, na mwaka uliofuata bei zilipanda kwa maelfu ya asilimia. Katika hali hiyo walimu waliweka chaki chini. Sehemu nyingi za nchi masomo yalikatika au hayakuanza kabisa. Wazee huuita mwaka mweupe, yaani mwaka usioandikwa kitu.

Sisi tulikuwa tuanze darasa la kwanza mwezi wa tisa. Kijiji chetu kiko ufukoni, katika eneo la Fizi. Mama alikuwa ametushonea kaptula ya buluu na shati jeupe. Tulipofika tulikuta milango imefungwa na mkurugenzi ameketi kivulini. Akasema turudi wiki ijayo. Wiki ijayo akasema hivyo hivyo. Nadhani hilo ndilo lililowachosha wazazi kuliko yote. Mtu akiambiwa kwamba shule itafungwa mwaka mzima, hujipanga: mtoto mkubwa anapelekwa kwa mjomba, shamba linaongezwa, sare inawekwa sandukuni. Sisi tuliambiwa wiki kwa wiki. Mama alifua ile sare kila Jumapili jioni, na shule ilipofunguliwa hatimaye, kaptula ilimfaa mdogo wetu.

Walimu nao walikuwa na tumbo. Mmoja alijiunga na wavuvi wa ndagala, akitoka usiku wa giza na taa, asubuhi akirudi macho mekundu. Mwingine alikwenda Kamituga kutafuta dhahabu, na hatukumwona tena. Wa tatu alipakia chumvi na sabuni kwenye baiskeli, akawa anapita Baraka na kurudi, akisalimiwa njiani na wanafunzi wake wa zamani ambao hawakujua kama wamwite mwalimu au mchuuzi. Yule wa ndagala aliandika hesabu ya mafungu kwa mkaa ubavuni mwa mtumbwi. Sisi watoto tulikwenda kumsaidia kuanika, akatuuliza tarakimu moja moja, na kwa kweli tarakimu zetu za kwanza tulizisoma pale, kwenye ubao wenye harufu ya samaki.

Nyumbani siku zilipata ratiba nyingine. Wavulana walikwenda kwenye mitumbwi au kulinda mihogo dhidi ya nguruwe, wasichana walichota maji na kutwanga sombe. Wadogo tuliona ni likizo tamu. Waliopata hasara kubwa ni wale wa darasa la sita waliongojea mtihani. Mvulana wa miaka kumi na minne akishaonja fedha ya uvuvi, haketi tena kwenye benchi, na wazazi walilijua hilo mapema. Ndiyo sababu wao ndio waliotangulia kumwendea mkurugenzi.

Shule nyingi za Zaire zilikuwa mikononi mwa makanisa, kwa mkataba uliotiwa sahihi na serikali mwaka 1977. Kwa hiyo palikuwapo mtu wa kuwakusanya watu hata serikali ilipokuwa kimya. Maaskofu Wakatoliki pamoja na vyama vya wazazi walikubaliana kwamba wazazi watoe mchango ili walimu warudi darasani. Mchango huo uliitwa prime. Ulikuwa wa muda, mpaka serikali itakapoanza tena kulipa.

Kijijini kwetu mchango wa kwanza haukuwa fedha. Ulikuwa kikapu cha muhogo, kopo la ndagala, siku moja ya kulima shamba la mwalimu. Tulimwona baba akilima shamba la yule mwalimu wa tarakimu za mkaa, wakicheka pamoja. Lakini muhogo haununui dawa wala haulipi nauli, na kidogo kidogo ikawa fedha. Tuseme haki: bila mpango huo shule zingekufa, na sisi tunaoandika haya tusingejua kuandika. Vita vilipokuja, mwalimu aliyekimbia pamoja nasi alikuwa bado ni mwalimu, na wengi wa waliofundisha chini ya miti huku Tanzania ni watu waliobakizwa kazini na muhogo wa wazazi.

Upande wa pili wa mambo nao tuuseme. Serikali ilipoona madarasa yamejaa, haraka ya kulipa ilikwisha. Kila shule ilipanga kiasi chake, basi penye wazazi wenye uwezo mwalimu alipata zaidi, na mwalimu mzuri akahamia huko. Sehemu ya fedha ilipanda kutoka shuleni kwenda ofisi za juu, nazo pia zikaanza kuitegemea. Jumatatu asubuhi orodha ilisomwa mstarini, na asiyelipa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake. Ofisi ikishazoea kula sehemu ya mchango, nani ataukomesha?

Nyumbani kwetu tulikuwa watatu wa kusoma, na fedha ilitosha wawili. Dada yetu mkubwa alikuwa darasa la tano, wa pili katika darasa lake. Baba hakuwa mtu mbaya. Alihesabu, akasema msichana ataolewa, wavulana wasome. Jumatatu moja dada alirudishwa, naye hakwenda tena. Sisi tuliendelea na madaftari yake, kwa sababu yalikuwa na kurasa tupu nyingi.

Wa muda ulidumu vipi? Katiba ya 2006 iliandika kwamba shule ya msingi ya serikali ni bure, na wazazi wakaendelea kulipa. Ni Septemba 2019 tu serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu bure ya msingi, na hapo madarasa yalifurika watoto, huku walimu waliozoea prime wakilalamika kwamba mshahara hauzibi pengo. Yaani mchango wa dharura ulikaa zaidi ya robo karne.

Kwa ndugu zetu wafanyakazi wa mashirika wanaosoma ukurasa huu, tuna ombi moja. Mkijua kwamba motisha itakatika miezi sita, tuambieni miezi sita. Msituambie wiki ijayo.

Kwa wazazi, sisi hatusemi msichange. Tumekula muhogo huo, hatuwezi kuutukana. Tunasema iandikwe tangu siku ya kwanza mchango unaisha lini, nani anaushika, na kwamba hakuna mtoto atakayesomewa jina mstarini. Anayeweza kuleta kuni alete kuni. Wengine katika kamati wanaona masharti haya ni mengi, kwamba yatamkatisha tamaa mwenye kutoa. Huenda. Bado tunayashikilia.

Katika mkutano uliopita dada yetu alikuwapo, ametoka sokoni na beseni lake la dagaa. Hazungumzi mikutanoni. Wanaume watatu walikwisha kutaja viwango, kila kimoja kikubwa kuliko cha kabla yake. Akanyosha mkono, akasema, “Waheshimiwa, naomba kuuliza. Mwenye watoto watatu na fedha ya wawili, kamati itamwambia amtoe yupi?” Katibu alimwomba arudie polepole ili aandike. Mkutano uliahirishwa hadi Jumamosi, na swali hilo ndilo la kwanza kwenye ajenda.