Taa za lori zinafifia? Pima waya wa ethi kabla ya kununua balbu

Lori likitoka Mlandege, Iringa, usiku kwenda Dar es Salaam, lazima lishuke Kitonga, na kona zake si za kushuka na taa ya kubahatisha. Hata hivyo, taa ikififia wengi hukimbilia dukani kununua balbu. Kwa lori lililokula miaka 20 barabarani, mara nyingi balbu haina kosa. Kosa liko kwenye waya: kutu, tepu zilizoachia, au waya uliochunika.

Dalili zinasema mengi. Taa moja ikiwa hafifu na mwenzake iko sawa, shuku ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bodi. Ukiwasha indiketa na taa kubwa nayo ikachezacheza, shuku hukohuko. Zote mbili zikififia, anza na betri, alteneta, swichi na rilei.

Wengi hukosea kwenye kupima. Wanachomoa soketi, wanapima, mita inasoma volti 24, wanasema umeme upo. Waya uliobaki na nyuzi mbili tatu nao husoma volti 24 kama hakuna kinachovuta umeme. Balbu ikiwaka, volti zinaporomoka. Na zikipungua kwa asilimia 10 tu, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30.

Kwa hiyo pima taa ikiwa imewashwa na soketi imechomekwa. Ncha moja ya mita iwe kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye pini ya ethi nyuma ya balbu. Mita isome karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi imechoka: chomoa negativu ya betri, fungua bolti ya ethi, sugua mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi.

Angalizo: baadhi ya malori ya Kijapani swichi yake hukata upande wa negativu. Hapo balbu ina umeme muda wote, na waya wa kurudi hupitia kwenye swichi kwanza. Fundi asiyejua hilo anaweza kuhangaika siku nzima.

Fyuzi nayo isichezewe. Balbu ya wati 75 kwenye volti 24 huvuta kama ampea 3, mbili ampea 6. Fyuzi ya saizi yake ikikatika kila mara, kuna shoti mahali. Ukiweka kipande cha waya badala yake, taa zitawaka, ila shoti ikirudi kitakachoungua ni waya wenyewe nyuma ya dashibodi, na moto wa gari huanzia hapo.

Kazi ikiisha, washa taa, kisha tikisa waya kwa mkono kuanzia kwenye soketi mpaka kwenye kebini. Taa ikipepesa, kuna sehemu bado inacheza.