Waandishi wa kwanza walikuwa wahasibu

Ukiwauliza watu maandishi yalianza vipi, wengi watakwambia yalianza ili kuhifadhi hadithi, sala na sifa za wafalme. Haya, twende Uruk, kusini mwa Iraki, tuone udongo unasema nini.

Uruk ni mmojawapo wa miji mikubwa ya kwanza duniani. Wanaakiolojia wa Kijerumani walipata huko maelfu ya vibao vya udongo vya kati ya mwaka 3350 hivi na 3000 K.K. Vingi mno ni hesabu: shayiri, kondoo, pombe, posho za wafanyakazi. Vingine ni orodha za maneno za kuwafunzia makarani. Hadithi za mashujaa zilikuja kuandikwa karne nyingi baadaye.

Kabla ya vibao kulikuwa na vidonge vya udongo vyenye maumbo mbalimbali. Mtafiti Denise Schmandt-Besserat alieleza kwamba kila umbo liliwakilisha aina na kiasi cha mali. Baadaye vidonge vikafungiwa ndani ya tufe la udongo lenye uwazi, likapigwa muhuri nje. Usalama mzuri, lakini ukitaka kukagua, lazima uvunje tufe! Basi wakaanza kugandamiza alama za hesabu juu ya tufe likiwa bichi. Sasa data iko mahali pawili. Na kama alama za nje zatosha, vidonge vya ndani ni vya nini? Tufe likabapatizwa, likawa kibao. Wapo wataalamu wanaopinga kwamba vidonge vilizaa alama zote za maandishi, lakini upande wa tarakimu uhusiano unaonekana wazi.

Waprogramu watapenda hili: shimo dogo la duara lilikuwa sawa na alama 10 za moja ukihesabu kondoo, lakini 6 tu ukipima shayiri. Yaani usipojua aina ya data, jibu lako ni takataka.

Kibao kimoja maarufu kinataja vipimo 29,086 vya shayiri kwa miezi 37, na kando yake neno Kushim. Huenda ni jina la mtu, huenda ni cheo. Kama ni jina, basi mmoja wa watu wa kwanza kabisa tunaowajua kwa jina ni mtunza ghala.

Na wale waliolima hiyo shayiri? Alama ya posho ni kichwa cha mtu na bakuli. Wanaakiolojia wamefukua mabakuli ya namna hiyo kwa wingi ajabu, lakini waliokula humo wamebaki tarakimu. Anayebuni rekodi ndiye anayeamua nani awe na jina na nani awe idadi. Mimi na wewe tunaounda mifumo ya mishahara na mikopo tumerithi kazi ya karani wa Uruk. Hebu fungua jedwali lako la data uangalie: nani humo ana jina, na nani ni bakuli tu?