Mlango wa Kwanza wa Hesabu



Kila mwaka, masomo ya shule kubwa yanapoanza, vijana wengi husimama mbele ya ubao wa matangazo, karatasi mkononi. Wanaambiwa: chagueni. Mmoja anataka kuwa mganga, mwingine mjenzi wa madaraja, mwingine mwalimu, mwingine mwandishi wa hesabu za biashara. Karibu wote watakutana na hesabu, wapende wasipende. Lakini hesabu gani kwanza? Ile ngumu ambayo wenzao wanajivunia? Ao ile nyepesi ambayo haiogopeshi mtu? Mara nyingi kijana huchagua kwa kiburi ao kwa woga, na mwisho wa mwaka anaona kwamba amekosea. Hapo hasara si yake peke yake. Baba ameuza mbuzi, mama ameuza mihogo sokoni siku kwa siku, ili ada ilipwe. Mwaka mmoja uliopotea ni jasho la nyumba nzima.

Watu wengi wadhani kwamba shida hii ni ya siku hizi tu. Sivyo. Ni ya zamani sana, na wenye hekima wengi wameshindana nayo mbele yetu. Yafaa tusikie habari zao.

Daraja la punda

Katika shule kubwa za Ulaya za zamani, kama zile za Paris na Oxford, kijana alianza kwa kujifunza elimu saba. Tatu zilikuwa za maneno: sarufi, ufasaha wa kusema, na namna ya kufikiri sawasawa. Nne zilikuwa za hesabu: hesabu yenyewe, jiometria, muziki na elimu ya nyota. Kitabu cha jiometria kilikuwa kile cha Euclid, Mgiriki aliyefundisha Aleksandria katika Misri, karibu miaka 300 kabla ya Kristu. Kina sehemu 13.

Mwanzoni kabisa mwa sehemu ya kwanza, katika fundisho la tano, Euclid aonyesha kwamba pembetatu yenye pande mbili zilizo sawa ina pia pembe mbili zilizo sawa. Roger Bacon, mtawa Mfransisko wa Uingereza wa karne ya 13, alisikitika kwa kuwa wanafunzi wengi wa wakati wake hawakupita hapo. Fundisho hilo la tano walikuwa wamelipa jina lenye maana ya kukimbia kwa wanyonge. Baadaye watu wakaliita daraja la punda, na jina hilo limebaki hata leo.

Je, vijana hao walikuwa wajinga? Hapana. Walijua Kilatini, waliweza kushindana kwa maneno mchana kutwa. Twadhani walikosa vitu viwili: matayarisho, na mtu wa kuwaambia kazi ambayo hesabu hiyo ingewafaa. Mtu asiyejua aendako, mlima wa kwanza unamrudisha nyumbani.

Padri Clavius na njia zake tatu

Katika karne ya 16 alitokea mtu aliyeifikiri shida hii kwa mapana. Ni Padri Christoph Clavius wa Shirika la Yesu. Alizaliwa mwaka 1538 Bamberg, katika Ujerumani, akaingia katika Shirika mwaka 1555, akatumwa kusoma Coimbra, katika Ureno. Huko, tarehe 21 mwezi wa 8 mwaka 1560, aliona jua likipatwa, giza likaanguka mchana. Jambo hilo hakulisahau maisha yake yote. Sehemu kubwa ya hesabu alijifunza yeye mwenyewe, kwani walimu wa kumwongoza walikuwa wachache. Baadaye akafundisha hesabu miaka mingi katika Koleji ya Roma, hata alipokufa mwaka 1612.

Watu wengi wanamkumbuka kwa sababu ya kalenda. Yeye ni mmojawapo wa wale waliomsaidia Papa Gregori wa 13 kuitengeneza mwaka 1582, wakati siku 10 zilipoondolewa: siku iliyofuata tarehe 4 mwezi wa 10 ikawa tarehe 15. Kalenda hiyo ndiyo tunayoitumia hata sasa. Lakini sisi leo tunataka kusema juu ya kazi yake nyingine, isiyojulikana sana.

Clavius aliona kwamba katika koleji nyingi hesabu ilidharauliwa. Walimu wengine wa filosofia waliwaambia wanafunzi kwamba hesabu haina faida kubwa. Basi, karibu na mwaka 1581, aliandika mpango wa masomo ya hesabu. Hakuandika njia moja kwa wote. Aliandika njia tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, kwa wale waliotaka kuifahamu hesabu kabisa. Ya pili ilikuwa fupi kidogo, kwa wale wasiotaka kufika mpaka mwisho. Ya tatu ilikuwa fupi kuliko zote, ya miaka miwili, kwa wale waliokuwa na wakati mchache.

Tutazame hekima ya neno hili. Clavius hakusema: mwenye akili apite hapa, mjinga apite pale. Alisema: wewe unataka kufika wapi, na una wakati kiasi gani? Tena hata ile njia fupi haikuwa mchezo. Ilikuwa hesabu ya kweli. Yeye mwenyewe alitunga vitabu vya kuwafaa wanafunzi: mwaka 1574 akatoa Euclid pamoja na maelezo mengi, mwaka 1583 akatoa kitabu cha hesabu za kawaida, mwaka 1608 kitabu cha aljebra.

Mwaka 1599 Shirika la Yesu lilitoa sheria ya masomo kwa koleji zake zote. Katika sheria hiyo mwalimu wa hesabu aliambiwa awafundishe wanafunzi kitabu cha Euclid kwa muda wa robo tatu za saa. Na baada ya miezi miwili, wakiisha kuzoea kidogo, awaongezee mambo ya jiografia ao ya nyota, ili waone mara moja faida ya yale waliyojifunza. Hapo ndipo dawa ya ugonjwa ule wa Roger Bacon ilipopatikana: kwanza msingi kidogo, halafu kazi ya msingi.

Na matunda? Mmoja wa wanafunzi wa Clavius alikuwa Matteo Ricci, aliyekwenda Uchina kutangaza Injili. Mwaka 1607, katika Beijing, yeye na rafiki yake Xu Guangqi, mtu mkubwa wa serikali na Mkristu, walipiga chapa sehemu sita za kwanza za Euclid katika lugha ya Kichina. Waliifuata chapa ya Clavius. Hawakungoja mpaka sehemu zote 13 ziwe tayari. Walitoa kwanza sita, zile za mwanzo.

Mlango unaohama

Tuvuke bahari, twende Marekani. Shule kubwa ya Harvard ilianzishwa mwaka 1636. Katika mpango wake wa mwaka 1642, hesabu na jiometria zilifundishwa katika mwaka wa tatu, ndio mwaka wa mwisho. Hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua leo ilikuwa somo la wakubwa!

Lakini polepole mlango ulihama. Mwaka 1745 shule kubwa ya Yale iliamuru kwamba anayetaka kuingia awe amekwisha kujua hesabu za kawaida. Mwaka 1820 Harvard ikadai aljebra pia. Neno lililokuwa la mwisho likawa la kwanza. Tena la kwanza likawa la mlangoni, kabla mtu hajaingia. Katika karne ya 20 vyuo vingi vikaweka kalkulasi katika mwaka wa kwanza, yaani hesabu ya vitu vinavyobadilika, kama mwendo wa gari ao kukua kwa mti.

Mabadiliko hayo hayakupita bila makelele. Mwaka 1830, katika Yale, wanafunzi walikuwa wamezoea kueleza mafundisho ya jiometria huku wakitazama michoro ya kitabu. Walimu wakaagiza kwamba sasa kila mmoja achore mwenyewe ubaoni, kitabu kimefungwa. Vijana wakakataa. Zaidi ya 40 wakafukuzwa. Walimu walikuwa na haki kudai kwamba mtu afahamu, asinakili tu. Lakini tunaona pia jinsi ugomvi juu ya hesabu unavyoweza kukata safari ya kijana.

Wengine walitafuta njia nyingine. Mwaka 1957 walimu watatu, Kemeny, Snell na Thompson, wa chuo cha Dartmouth, walitoa kitabu cha hesabu ya mwanzo kwa wale ambao kazi yao ni mambo ya jamii ya watu na ya viumbe vyenye uhai. Badala ya kalkulasi waliweka elimu ya kufikiri sawasawa, ya bahati na makadirio, na ya kupanga namba katika safu. Walirudi, labda bila kujua, kwa wazo la Padri Clavius: njia mbalimbali kwa safari mbalimbali.

Mlango uliogeuka ukuta

Kuna hatari nyingine. Vyuo vingi vya Marekani viliwapa wanafunzi mtihani mfupi siku ya kuingia. Aliyeshindwa alirudishwa kwenye masomo ya kurudilia: hesabu za sekondari, bila kuhesabiwa katika cheti chake. Nia ilikuwa njema. Lakini wengi walichoka njiani wakaacha shule, wala hawakufika hata kwenye somo la kwanza la chuo.

Mwaka 2013 jambo hili lilijaribiwa katika vyuo vitatu vya Universite ya Jiji la New York. Wanafunzi 907 waliopaswa kurudilia aljebra waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa aljebra ile. Wengine walitiwa moja kwa moja katika somo la takwimu la chuo, pamoja na saa za msaada kila juma. Katika aljebra walishinda 39 kwa mia. Katika takwimu walishinda 56 kwa mia, ingawa somo lao lilikuwa la juu zaidi. Mwaka 2017 serikali ya California ikatoa sheria kwamba vyuo vyake vya jamii visimrudishe mwanafunzi nyuma ovyo. Viangalie kwanza kazi aliyofanya sekondari.

Tena si kila anayeshindwa amechagua vibaya. Katika miaka ya 1970, huko Berkeley, Uri Treisman alitaka kujua sababu gani wanafunzi weusi wengi walianguka katika kalkulasi. Aliwatazama 20 weusi na 20 wa asili ya Kichina, jinsi walivyoishi na kusoma. Wale weusi walifanya kazi kwa bidii, lakini kila mtu peke yake chumbani. Wale wa asili ya Kichina walikutana jioni, wakasahihishana, wakaulizana. Basi Treisman akaanzisha vikundi vya kufanya kazi pamoja, akawapa maulizo magumu, si mepesi. Wakaanza kushinda. Mlango ulikuwa uleule. Kilichokosekana kilikuwa wenzi wa safari.

Kwetu Kongo

Shida hii ilifika kwetu pia. Universite ya Lovanium ilipofunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954, mkubwa wake alikuwa Padri Luc Gillon, naye alikuwa mtaalamu wa fizikia. Ndiye aliyekuwa mkubwa wakati ilipowashwa huko, mwaka 1959, mashine ya nguvu za atomu, ya kwanza katika Afrika yote. Lakini palepale pa mashine hiyo palikuwa pia na mwaka wa matayarisho, kwani si kila kijana aliyetoka sekondari alikuwa amepewa masomo yanayotosha. Mwaka 1971 Lovanium iliunganishwa na shule kubwa nyingine, na leo mahali pake ipo Universite ya Kinshasa. Swali lake lakini halijaondoka. Kijana aliyesoma ualimu, ao biashara, ao Kilatini, anataka kuingia fizikia. Afanyeje?

Matayarisho si aibu. Lakini lazima yawe na mwisho unaojulikana, na yaelekee kule mtu anakokwenda. Yasipokuwa hivyo, si matayarisho, ni ukuta.

Basi tufanyeje?

Kutokana na habari hizi zote twajifunza maneno machache.

Kwanza: anayechagua aulize, ninakwenda wapi? Mjenzi na mwana fizikia hawawezi kukwepa kalkulasi. Mganga na yule atakayechunguza mambo ya watu watahitaji takwimu. Mwalimu wa watoto atahitaji kuzifahamu sana zile hesabu za mwanzo, kuliko mtu yeyote.

Pili: ajiambie kweli juu ya yale anayojua. Afunge kitabu, achore mwenyewe, kama walivyodai walimu wa Yale. Akiweza, asirudi nyuma kwa woga. Asipoweza, asipande juu kwa kiburi.

Tatu: aulize walimu na wale waliotangulia, mapema, si wakati wa mtihani. Kuuliza si ujinga. Na akiisha kuingia, atafute wenzake watatu ao wanne wa kusoma pamoja jioni.

Nasi wazazi, tusimlazimishe mtoto kuchukua njia fulani kwa kuwa mtoto wa jirani ameichukua. Na walimu wakumbuke kwamba mlango umewekwa ili watu waingie.

Padri Clavius alianza bila mwalimu wa kumtosha, kijana mmoja anayetazama jua linalotiwa giza. Wale waliokuja nyuma yake hakuwaacha wahangaike vilevile. Aliwafungulia njia tatu, akawaandikia vitabu, akasimama nao mlangoni.